Kushika Tama: Nafasi ya Vitabu vya Michoro katika Kuifahamu Sonona Tanga na Mwambao wa Kaskazini wa Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna kitabu chenye michoro kinavyoweza kumsaidia msomaji wa Tanga na mwambao wa kaskazini wa Tanzania kuifahamu sonona. Yanachunguza kitabu cha Matthew Johnstone kuhusu mbwa mweusi, kitabu cha michoro kilichojaribiwa miongoni mwa wakimbizi wa Sudan Kusini nchini Uganda, pamoja na hazina ya ishara za mwili, za nyumba na za bahari ambayo wakazi wa pwani tayari wanaisoma. Hoja inayojengwa ni kwamba mchoro huja na mila za kwao, na kwamba sonona hufahamika haraka pale picha inapotoka katika mkao na vyombo ambavyo msomaji anavijua. Hata hivyo, picha za kienyeji nazo zina hatari zake, na makala yanazijadili.

Istilahi muhimu: sonona, kitabu cha michoro, kushika tama, msiba, mwambao

Utangulizi

Katika nyumba nyingi za mwambao, mtoto akikutwa ameketi kizingitini, kiwiko juu ya goti na shavu kiganjani, hukemewa papo hapo: asishike tama, asije akaita msiba. Katazo hili hutolewa kwa haraka, na kwa kawaida halifuatwi na maelezo. Hata hivyo, lina maarifa ndani yake. Linadhihirisha kwamba jamii hii ilikwisha kuusoma mwili wa mtu aliyeelemewa moyo, ikaupa mkao wake jina, na ikauweka katika kundi la mambo ya kuogopwa. Kwa upande wa pili, linamwondolea aliyeketi hivyo nafasi ya kuulizwa ana nini. Anachotakiwa ni kuuondoa mkono shavuni. Kilichoupeleka mkono huko hakijadiliwi.

Mjadala huu unaanzia katika mkao huo kwa sababu unahusu picha. Swali linaloulizwa ni je, kitabu chenye michoro kinaweza kumfanya mkazi wa Ngamiani, Pangani au Mkinga aitambue sonona, iwe yake mwenyewe au ya mtu wa nyumbani kwake, mapema kiasi cha kutafuta msaada? Na kama kinaweza, picha zake zitoke wapi?

Uzito wa swali hili unaonekana katika majina ambayo mgonjwa hupewa pale ugonjwa usipotambuliwa. Kijana asiyeamka kwenda kazini huitwa mvivu. Mama aliyenyamaza na kujitenga husemwa kuwa ana pepo. Mzee asiyekwenda tena msikitini hudhaniwa imani imempungua. Kila jina lina tiba yake, kuanzia kugombezwa, kupungiwa hadi kupewa mawaidha, na miezi hupita tiba hizo zikijaribiwa moja baada ya nyingine. Baadhi ya wagonjwa hawana miezi hiyo.

Sonona na majirani zake

Kiswahili hakina umaskini wa maneno katika uwanja huu. Kina huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, unyonge na ukiwa, na kila moja lina kivuli chake cha maana. Neno sonona, linalohusiana na kitenzi sononeka, limechukuliwa na wataalamu wa afya nchini Tanzania kuwa istilahi ya ugonjwa wenyewe. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, linalosikika zaidi ni msongo wa mawazo, au kwa ufupi kabisa, kwamba fulani “ana mawazo”. Ni kauli ya adabu: inataja shida bila kuifungua, na msikilizaji mwenye heshima haulizi ni mawazo gani.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa wakiishi na sonona. Katika vigezo vyake, hali hiyo hutambuliwa pale moyo unapodidimia, au mtu anapopoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, karibu kila siku kwa muda usiopungua wiki 2, pamoja na dalili nyingine kama vile usingizi kuvurugika, kukosa hamu ya kula, kuishiwa nguvu, kujiona hana thamani, kushindwa kutuliza akili na kuwaza kifo. Vipimo vya maswali vinavyotumika kuibaini hali hii vilitungwa ughaibuni, lakini vimepimwa upya Tanzania. Kaaya na wenzake (2002) walifanya hivyo kwa orodha ya dalili 25 miongoni mwa wajawazito wenye VVU jijini Dar es Salaam, na Fawzi na wenzake (2019) wakafuatia kwa dodoso la maswali 9. Kazi hizo ni za msingi. Hata hivyo, dodoso ni chombo cha mhudumu, nalo huanza kufanya kazi baada ya mtu kuingia mlangoni mwa zahanati. Kitabu cha michoro kinashughulika na hatua iliyotangulia, yaani kilichomfanya aamue kuufikia mlango huo.

Ugumu wa pekee kwa msomaji wa pwani ni kuitofautisha sonona na huzuni, kwa kuwa huzuni katika jamii hii ina kalenda. Mtu akifariki, watu hukaa matanga, hitima husomwa, arobaini huhesabiwa, mjane Mwislamu hukaa eda ya miezi 4 na siku 10. Katika muda huo mfiwa anaruhusiwa kulia, kutojipamba, kupikiwa, kutozungumza. Muda ukiisha mikeka hukunjwa, sufuria za kuazima hurudishwa, na jamii humtarajia arudi katika maisha. Utaratibu huu una hekima kubwa ya tiba, kwa kuwa haumwachi mfiwa peke yake katika siku zile nzito zaidi. Tatizo ni kwamba sonona haina tarehe ya kuanza wala ya kumalizika. Wakati mwingine huja baada ya msiba na kukataa kuondoka; wakati mwingine huja pasipo kifo chochote, na hapo mgonjwa hukosa hata haki ya kuonekana mwenye huzuni, kwa sababu hakuna aliyekufa.

Suala hili limewasumbua wataalamu wa tiba pia. Mwongozo wa uainishaji wa magonjwa ya akili wa Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, uliondoa kifungu kilichokuwa kikimtenga mfiwa asihesabiwe kuwa mgonjwa wa sonona, na mabishano kuhusu uamuzi huo hayajatulia. Kwa mwandishi wa kitabu cha Tanga funzo liko wazi. Kipimo cha wiki 2 hakiwezi kuchapwa ukurasani peke yake, kwani wiki 2 baada ya maziko mjane bado yumo ndani ya eda, na kumwambia kuwa ni mgonjwa kutakuwa kosa la kitabibu na utovu wa adabu kwa pamoja.

Fasihi ya Kiswahili nayo imeishughulikia huzuni kuliko sonona. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, kusini mwa mji wa Tanga, mwaka 1909, alimwandikia mkewe Amina shairi la maombolezo ambalo vizazi vya wanafunzi vimelisoma. Huzuni yake ina jina, ina kaburi na ina sababu. Euphrase Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971) na Kichwamaji (1974), aliwapeleka wahusika wake hadi kujiua, na wahakiki wengi wamezisoma riwaya hizo kwa mwanga wa falsafa na mgongano wa kijamii zaidi kuliko kwa mwanga wa ugonjwa. Usomaji huo ni halali. Lakini msomaji anayetafuta maelezo ya mtu ambaye asubuhi moja amekuta chai haina ladha, na hajui kwa nini, hapati mengi.

Picha na maneno katika mazoea ya pwani

Kuunganisha picha na maneno si jambo geni Tanga. Kanga, kwa mfano, ni maandishi yenye michoro yanayovaliwa: pindo, mji na jina husomwa pamoja, na mwanamke anayechagua kanga dukani huvipima vyote vitatu kabla ya kulipa. Hadithi za michoro nazo zina historia ndefu kuliko inavyodhaniwa. Beez (2009) anaonesha kuwa zilikuwamo katika magazeti ya Kiswahili tangu enzi za ukoloni. Baada ya uhuru, jarida la Sani liliwazoesha wasomaji wa mijini na vijijini wahusika kama Ndumilakuwili na Lodi Lofa, na katuni ya Kingo ya James Gayo ikaenea hata nje ya mipaka ya nchi. Kuanzia mwaka 2003, jarida la Si Mchezo! lilitumia hadithi za picha kuzungumza na vijana wa vijijini kuhusu UKIMWI na mahusiano, mambo ambayo mzazi na mtoto wasingeyataja ana kwa ana.

Mfano huu wa mwisho una somo la pekee. Jarida la picha lilipitishwa mkono kwa mkono, likasomwa na wawili au watatu kwa pamoja, na aliyeona haya kuuliza aliweza kuelekeza kidole kwenye mchoro. Sonona inahitaji hasa kidole hicho. Mgonjwa wake mara nyingi hana nguvu ya kusoma aya ndefu, na hata angekuwa nayo, hana neno ambalo akilitamka halitamletea jina baya. Kumwonesha dada yake ukurasa na kusema “hivi” ni kazi ndogo zaidi.

Nadharia ya michoro inaeleza sehemu ya nguvu hiyo. McCloud (1993) anadai kuwa uso uliochorwa kwa mistari michache humpa msomaji nafasi ya kujiona ndani yake, ilhali uso wenye maelezo mengi hubaki kuwa wa mtu mwingine. Anadai pia kuwa ule uwazi ulio kati ya kisanduku kimoja na kingine hujazwa na akili ya msomaji. Kwa kitabu cha sonona, uwazi huo una thamani: mchoraji anaweza kuonesha chakula kikiwa cha moto mbele ya mtu, kisha chakula kilekile kikiwa kimepoa na inzi wametua. Kilichotokea katikati hakichorwi, na aliyewahi kukipitia anakijua.

Mbwa mweusi hafiki Tanga

Kitabu kinachotajwa zaidi katika uwanja huu ni I Had a Black Dog cha Matthew Johnstone, mchoraji wa Australia, kilichotoka mwaka 2005. Mwaka 2012 Shirika la Afya Duniani lilishirikiana naye kutoa filamu fupi iliyotokana na kitabu hicho, nayo imetazamwa kote ulimwenguni. Johnstone anaichora sonona kama mbwa mweusi anayemfuata mtu kila aendako, anayelala juu yake, anayemfunika macho, na ambaye mwishowe, baada ya mtu kutafuta msaada, anapungua ukubwa na kutii kamba. Ni kitabu cha ukweli na cha huruma. Picha ya mbwa mweusi ina mizizi mirefu katika Kiingereza, na hunasibishwa hasa na Winston Churchill.

Ukikichukua kitabu hicho na kukifasiri maneno yake tu, picha zake huanza kusema mambo mengine. Kwa Mwislamu wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mbwa hakai ndani, hapandi kitandani, wala hamlalii mtu kifuani. Kwa hiyo kurasa za mwanzo zinatisha kuliko Johnstone alivyokusudia, maana mgonjwa anaonekana mwenye uchafu unaomzuia hata kuswali. Mbwa mweusi, tena, yumo katika mafundisho yanayomhusisha na shetani, na msomaji aliyefunzwa hivyo chuoni anaweza kuhitimisha kuwa kitabu kinathibitisha kile ambacho jirani alikwisha kusema: huyu ana shetani, apelekwe kwa fundi. Ukurasa wa faraja ndio unaopotea kabisa. Johnstone anamaliza kwa mtu na mbwa wake wakiwa wamepatana, na mtu ameshika kamba. Msomaji wa London anaona amani. Msomaji wa Chumbageni anaona mtu ambaye bado hajatoharika.

Hii haina maana kwamba mchoro wa sonona lazima uepuke kila kitu cha ughaibuni. Picha ya ndoano, iliyomo katika mwongozo wenye michoro wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kuhusu kukabiliana na msongo, inaonekana kana kwamba imetungiwa pwani: mawazo humnasa mtu kama ndoano imnasavyo samaki, naye hujifunza kujinasua. Lakini hata hapa tahadhari inahitajika. Kwa watu wanaoishi na bahari, hakuna ndoano isiyo na mvuvi. Mchoro wa mtu aliyenaswa humfanya msomaji afuatishe mshipi kwa macho hadi mwisho wake, akitafuta nani ameushika, na pasipo mkono uliochorwa, ataujaza mkono wa hasidi. Kwa jicho lililozoea kuvua, kasoro hiyo huonekana mara moja. Mchoraji aliyelelewa mbali na pwani huenda asiihisi.

Funzo kutoka Rhino Camp

Mfano wa karibu zaidi wa kitabu cha michoro kilichopimwa kisayansi katika Afrika Mashariki unatoka kaskazini mwa Uganda, katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp. Huko, Tol na wenzake (2020) walijaribu mafunzo ya kujisaidia miongoni mwa wanawake 694 wa Sudan Kusini, katika vijiji 14. Mafunzo yalikuwa ya vikao 5 vya kundi, vilivyoongozwa na sauti iliyorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba na wawezeshaji wasio wataalamu waliopewa mafunzo mafupi. Kila mshiriki alipewa kitabu chenye michoro mingi na maneno machache. Baada ya miezi 3, wanawake waliopata mafunzo walikuwa na dhiki ndogo ya kisaikolojia kuliko wenzao ambao hawakuyapata, ingawa tofauti ilikuwa kubwa zaidi mara tu vikao vilipomalizika.

Matokeo haya yanapaswa kusomwa kwa uangalifu. Kilichopimwa ni kifurushi kizima: kundi, sauti, mwezeshaji na kitabu. Hakuna anayeweza kudai kutokana nacho kwamba kitabu pekee, kikiachwa mezani, kingeleta nafuu hiyo, na kufifia kwa tofauti baada ya vikao kunaashiria kuwa kukaa pamoja kulikuwa na sehemu yake. Kwa mwambao jambo hili si kikwazo. Kusoma kwa sauti mbele ya wengine ni desturi ya zamani hapa, iwe ni maulidi, utenzi au barua ya ndugu aliye ng'ambo. Kitabu cha sonona kinaweza kutungwa tangu mwanzo kikijua kuwa kitakuwa na msomaji mmoja na wasikilizaji wanne, na kwamba wasikilizaji hao wataona michoro kutoka pembeni au kinyumenyume.

Picha zinazotoka pwani

Ya kwanza ni tama yenyewe. Faida yake ni kwamba haihitaji kufafanuliwa: mtu yeyote wa mwambao akiona mstari wa mgongo uliopinda na kiganja shavuni, anajua. Kazi ya kitabu ni kubadili kinachofuata. Katika desturi, baada ya tama huja kemeo. Katika kitabu, baada ya tama aje mtu wa pili aketi kando, bila kunena. Mabadiliko hayo ya kisanduku kimoja yanabeba fundisho zima kuhusu namna ya kumkaribia mgonjwa, wala hayamtukani bibi aliyefundisha katazo. Tama pia inatatua tatizo la nyuso. Zipo nyumba zisizopenda picha za viumbe wenye roho, hasa nyuso, na kitabu kinachotaka kuingia humo kinaweza kumchora mgonjwa kwa mgongo, kwa kivuli ukutani, au kwa mikono tu. Ugonjwa huu unajieleza vizuri kwa mgongo.

Ya pili ni mikeka. Kurasa mbili zinazotazamana zinaweza kuonesha ua uleule: upande mmoja mikeka imetandikwa, watu wamejaa, moto wa masufuria unawaka, upande mwingine mikeka imekunjwa na kusimamishwa ukutani, ua umefagiwa, na mtu mmoja bado ameketi palepale alipokuwa ameketi. Hapa tofauti ya huzuni na sonona inaonekana bila kutajwa wiki wala mwezi. Picha hiyohiyo inaweza kugeuzwa kwa ajili ya mzazi. Katika siku arobaini za uzazi chumba hujaa wanawake, maji ya moto na uji. Siku ya arobaini na moja chumba kina mama na mtoto, na mama anatazama dirishani huku mtoto akilia. Mama wa namna hii ndiye anayesahaulika zaidi, kwa kuwa jamii imekwisha kumpongeza.

Ya tatu ni chombo kilichopwelewa. Maji yakipwa, ngalawa iliyoachwa karibu na mikoko hulala ubavu juu ya tope. Haijatoboka, tanga lake liko salama, nahodha wake anajua kazi. Ila haiwezi kwenda, na kupiga kelele hakuisogezi. Kwa kumweleza mkwe kwamba mgonjwa si mvivu, ni vigumu kupata picha iliyo bora kuliko hii. Neno lake lenyewe, kupwelewa, limekwisha kutumika pwani kwa mtu aliyekwama. Hata hivyo, picha hii ina udhaifu mkubwa ambao haufai kufichwa. Bahari hujaa yenyewe baada ya saa sita, na mwenye chombo hana la kufanya ila kungoja. Sonona inaweza kupungua yenyewe, lakini kumwambia mgonjwa angoje ni ushauri wa hatari, na ndio hasa anaopewa kila siku: vumilia, yatapita. Njia moja ya kulikwepa tatizo ni kukichora chombo kilichopelekwa juu sana na maji ya bamvua, mahali ambapo maji ya kawaida hayafiki. Hapo wanaume wa mtaa huitwa, magogo ya kuviringishia huletwa, na chombo hushushwa kwa mikono ya wengi. Kila mvuvi amewahi kuombwa msaada huo, na hakuna aliyeona aibu kuuomba.

Mpangilio wa visanduku nao unastahili neno. Wapo wazee wa Pangani na Tanga ambao kusoma kwao kwa kwanza, na kwa wengine kusoma kwao kwa pekee, kulikuwa kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia kwenda kushoto. Mzee wa namna hiyo akipewa ukurasa wa visanduku vinne, jicho lake linaweza kuanzia kulia, na hadithi ya mtu anayepona ikageuka kuwa ya mtu anayezama. Kupanga visanduku kutoka juu kwenda chini, kimoja kwa kila mstari, huondoa utata huo kwa gharama ya karatasi tu.

Kurasa zilizo ngumu

Ukurasa wa waganga hauwezi kuepukwa. Larsen (2008), akiandika kuhusu Zanzibar, anaonesha jinsi masheitani walivyo sehemu ya maisha ya kawaida ya watu na ya namna wanavyojielewa, na mtu wa Tanga atautambua ulimwengu huo. Kitabu kinachomchora mganga kama tapeli kitafungwa kabla ya ukurasa unaofuata. Inatosha kumchora mgonjwa akitoka kwa mganga, au akimaliza dua, kisha akiingia zahanati. Mpangilio huo unasema kuwa milango haifungani. Kinachopaswa kukanushwa waziwazi ni kufunga watu kamba na kuwanyima chakula.

Ukurasa wa hospitali una historia yake. Mkoa wa Tanga ndio wenye Lutindi, katika milima ya Usambara wilayani Korogwe, palipoanzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na tangu mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Ni urithi wa kuheshimiwa. Lakini majina ya hospitali za aina hiyo, kama ilivyo kwa Mirembe ya Dodoma, yamegeuzwa mitaani kuwa visawe vya wazimu, na msomaji mwenye sonona akioneshwa jengo kubwa la namna hiyo ataamini kuwa anaambiwa ni kichaa. Mchoro unaofaa ni wa zahanati ya kijiji: benchi, kadi za kliniki, mizani ya watoto, na mhudumu mmoja mezani. Hospitali ya Bombo inaweza kutajwa kwa maneno, kwa ajili ya atakayehitaji rufaa.

Mgumu kuliko yote ni ukurasa wa kutaka kufa. Kuuacha ni kumdanganya msomaji aliye katika hatari zaidi. Kuuchora vibaya ni kumwonesha njia, na miongozo ya kimataifa inakataza kuonesha namna ya kujiua au mahali pake. Sheria nayo imo chumbani: Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 217, inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, na dini zote mbili kubwa za mwambao zinaliona kuwa dhambi nzito. Mtu mwenye wazo hilo ana sababu tatu za kulificha. Mchoro unaweza kumwonesha amelala macho wazi, na kando ya kichwa chake kiputo cha maneno kisicho na neno. Ukurasa unaofuata, kiputo kilekile kiko mbele ya mtu anayemwamini. Maneno hayaandikwi. Anayesoma kwa sauti hapaswi kuyasema mbele ya watu wanne, na anayeyajua hahitaji kusomewa.

Unabaki ukurasa wa mwisho, na hapo mchoraji wa pwani atavutwa na baraza. Huko Zimbabwe, Dixon Chibanda na wenzake walilifanya benchi la kawaida kuwa mahali pa tiba, ambapo wanawake wazima wa mtaa waliofunzwa huwasikiliza wenye kufungisisa, neno la Kishona la kufikiri kupita kiasi, lililo jirani kabisa na “ana mawazo” ya Tanga. Baraza la mwambao ni benchi lililokwisha kujengwa. Lakini baraza ni la wanaume. Kitabu kinachomaliza kwa watu wawili wakizungumza barazani kimemwacha nje yule mama wa siku ya arobaini na moja. Itabidi kitabu kiwe na kurasa mbili za mwisho: moja ya baraza jioni, kahawa ikimiminwa, na nyingine ya uani, wanawake wawili wakiwa na ungo wa mchele katikati yao, mmoja akichambua na mwingine, aliyeondoa mkono shavuni, akiwa ndiye anayesema.